Namna ya kuandika historia ya maisha ya mzee mwanajeshi mstaafu, kuanzia kwenye tranka lake mpaka siku ya kusomwa

Kila msiba wa mstaafu wa jeshi huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe maswali ni yale yale. Mtoto wa marehemu anapiga simu usiku, mazishi kesho kutwa, anauliza baba aliingia jeshini mwaka gani, alistaafu na cheo gani, tuanzie wapi kuandika. Wengine wanauliza mapema, mzee bado yupo anakunywa chai yake kibarazani, wanataka maisha yake yaandikwe ila hawajui pa kushika. Kwa hiyo naandika yote hapa kwa pamoja, ukiulizwa na mwenzio mpe hii asome.

Kama mzee yuko hai fuata hatua zote kwa mpangilio. Kama ameshafariki ruka hatua ya 3, zilizobaki zote zinakuhusu.

Kitu kimoja nakiamini sana na ndo kimenifanya niandike. Historia nyingi zinazosomwa makaburini ni orodha ya vyeo na kambi, cheo kambi cheo kambi, halafu mwisho kabisa "ameacha mjane na watoto sita" basi imeisha. Huyo mjane ndo alikuwa anafunga mizigo kila uhamisho unapokuja, huku ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na hao watoto sita wamezaliwa mikoa tofauti sababu ya hilo hilo jeshi. Ukitenganisha jeshi na nyumba unabaki na nusu mtu. Ndo maana hatua nyingi hapa chini zinauliza mambo ya nyumbani ili kupata ya jeshini, na ya jeshini ili kupata ya nyumbani.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Kaunta buku moja. Moja tu, kila kitu kiingie humo. Vikaratasi vitapotea, nakuhakikishia.
- Simu yenye nafasi ya kutosha na programu ya kurekodi sauti, simu nyingi inakuja nayo. Futa video za kundi la ukoo kwanza.
- Penseli laini kwa ajili ya nyuma ya picha. Sio kalamu ya wino, nitaeleza.
- Bahasha za kaki kubwa, kama kumi hivi, zipo steshonari yoyote.
- Mtu mmoja wa familia ambaye wazee wote wanamsikiliza, anaweza kuwa shangazi au baba mdogo. Utamhitaji mkifika kwenye mambo ya watoto na wake.
- Ruhusa. Ya mzee mwenyewe kama yupo, ya mama kama mzee hayupo. Usianze kufungua masanduku kwa sababu tu we ndo uliyesoma.

HATUA KWA HATUA

1. Kaeni kikao kifupi cha familia

Mambo ya kukubaliana ni matatu: nani anaandika, nani atasoma kabla haijatoka nje, na watoto ni wangapi. Hilo la tatu watu wanalikwepa na ndo linaloharibu misiba. Wanajeshi wa rika lile wamehama sana, na wapo waliopata watoto sehemu zingine kabla ya ndoa au baada. Msimamo wangu, andika watoto wote, kwa kufuatana kuzaliwa, pamoja na waliotangulia mbele za haki. Mtoto anayesimama pale makaburini akasikia orodha inasomwa na jina lake halimo hatosahau mpaka anakufa. Huyo shangazi niliyemtaja juu ndo kazi yake hapa, azungumze na mama pembeni taratibu kabla ya kikao, sio ndani ya kikao mbele ya wakwe.

2. Fungua tranka

Karibu kila mwanajeshi wa zamani ana tranka la chuma au sanduku la bati chini ya kitanda, na mara nyingi lina mpangilio kuliko ofisi nyingi. Lifungue mchana, na mama akiwepo. Unatafuta hivi:

Barua ya kustaafu na makaratasi ya pensheni. Hapa ndo cheo cha mwisho kilipoandikwa rasmi, pamoja na namba yake ya jeshi na tarehe za kuingia na kutoka. Ukipata hii karatasi umeshamaliza robo ya kazi.

Nishani. Usiseme tu "alipata nishani nyingi". Ziangalie moja moja, nyingi zimeandikwa jina juu yake, na kama cheti chake kipo jina liko pale. Kuna za vita, kuna ya utumishi mrefu na tabia njema, kuna za maadhimisho. Nakili maneno kama yalivyo.

Vyeti vya kanisa. Huku kwetu cheti cha ubatizo au cha kipaimara mara nyingi ni cha zamani kuliko karatasi yoyote ya serikali. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki waliandika. Kama hakipo nyumbani nenda usharikani au parokiani alikobatizwa, waombe kwa heshima wakuangalizie kwenye daftari lao.

Picha. Usikimbilie sura, geuza nyuma. Nyuma kuna muhuri wa studio na jina la mji, saa ingine na tarehe kwa mwandiko wake. Picha ya kijana amesimama na wenzake watatu, kombati imepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana, ukiitazama mbele haikwambii kitu, ukigeuza unakuta "Masaka" na mwezi umeandikwa kwa penseli. Sasa hapo una ushahidi, maana Masaka iko Uganda na jeshi letu liliingia pale Februari 1979.

ONYO: usibandue kwa nguvu picha iliyogandia kwenye kioo au albamu, ipige picha ikiwa hapo hapo. Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, itatokea mbele. Na usizipeleke orijino kupigwa laminesheni, hiyo joto inaziharibu na haitoki tena.

ONYO kubwa zaidi: ukikuta risasi, kitu kama bomu, au silaha yoyote, usiguse, usipige picha uirushe kwenye kundi. Funga chumba, ondoa watoto, toa taarifa polisi au kambi ya karibu. Sare nazo ukizikuta zikunje vizuri uziache. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, kwa hiyo hiyo habari ya kumvalisha mjukuu kombati ya babu apige picha ya kumbukumbu achana nayo, kambini watakwambia zirudishwe vipi.

3. Mrekodi mzee akiwa hai

Hapa ndo penye utajiri wote na ndo watu wanapapita haraka. 

Chagua muda. Tukuyu au Rungwe kote mvua ikipiga kwenye bati hutosikia kitu kwenye rekodi, kwa hiyo asubuhi kabla mawingu hayajashuka ni nzuri. Iringa na Makambako shida ni upepo, kaeni ndani. Juni na Julai baridi ni kali, mkalishe karibu na moto, mzee anayetetemeka hasimulii. Zima data simu isikatishwe, iweke juu ya kitambaa karibu na yeye, usiishike mkononi. Msalimie kwa lugha yake, kamwene au ugonile kutegemea ni wa wapi, kaa chini kuliko yeye, alafu muombe, usimuamrishe. Huyu mtu ametoa amri maisha yake yote.

Kila kikao kisizidi saa moja. Anza na utoto, usianze na vita. Muulize alichunga nini, shule ilikuwa mbali kiasi gani, nani alimnunulia viatu vya kwanza, siku anaondoka kwenda jeshini mama yake alimfungia nini njiani. Maswali ya vitu vya kushikika yanafungua mdomo. Maswali makubwa kama "unalionaje jeshi la zamani na la sasa" yanakupa hotuba, na hotuba utaipata kwa mtu yeyote.

Kwa vita ya Kagera, ile ya 1978 na 1979 tuliyopigana na Uganda ya Idi Amin, ingia kwa mlango wa pembeni. Mlisafiri na nini kutoka kambini mpaka Kagera, mvua ilikuwa inanyesha? Mto mliuvuka vipi maana daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa? Mlikuwa mnakula nini? Barua kutoka nyumbani zilikuwa zinafika? Habari za mtoto kuzaliwa ulizipataje? Wengi walikuwa vijana wenye ndoa changa na hayo ndo maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza.

ONYO: usimuulize aliua wangapi. Wajukuu ndo swali lao la kwanza, waambie mapema wasiliulize. Kuna wazee hawajawahi kuongelea mwaka 1979 hata kwa wake zao. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Akibadilisha mada, mfuate huko anakokwenda. Akianza kutetemeka au kulia zima simu, mpe maji, kaa naye, siku hiyo imeishia hapo na wala haijapotea.

Na kuna mambo hatokwambia kwa sababu haruhusiwi. Sheria ya Usalama wa Taifa ipo tangu 1970 na mwanajeshi akistaafu siri hazistaafu. Mipango ya kambi, silaha, mawasiliano, majina ya watu wa kazi fulani, usichimbe. Historia ya maisha haihitaji hayo.

4. Kaa na mama, na mpange watoto kwenye mstari

Hii mbinu napenda kuliko zote, maana haihitaji karatasi ya jeshi hata moja. Chukua ukurasa mzima wa kaunta buku, andika watoto kwa kufuatana, mbele ya kila jina andika mwaka na mahali alipozaliwa. Kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo vitakusaidia. Sasa angalia: wa kwanza Nachingwea, wa pili Tabora, wa tatu na wa nne Monduli, wa tano Mbalizi. Hiyo ndo ramani ya uhamisho wa mzee. Kama kuna pengo kubwa katikati, labda hakuna mtoto kati ya 1978 na 1982, muulize mama taratibu, atakwambia mzee alikuwa wapi muda huo, na yeye mama alikuwa wapi, saa ingine utakuta mama alirudi kijijini kwa wakwe analima mahindi peke yake huku hana habari kama mume yuko hai. Hayo yaandike kwa urefu. Ni maisha ya mzee na ni ya mama pia.

Muulize mama walikutana wapi, posa ilipelekwa na nani, nyumba ya kambini ilikuwaje, jirani yake alikuwa nani. Wake wa wanajeshi wana kumbukumbu ya ajabu ya majirani, na hao majirani ndo watakupeleka hatua ya 5.

Watoto nao uwaulize kila mmoja peke yake, sio kwa pamoja, kwa pamoja mkubwa ataongea na wengine watakubali tu. Swali moja linatosha: tukio gani moja unalikumbuka, wewe na yeye, ukiwa mdogo?

5. Tafuta wenzake

Wastaafu wanajuana. Waulize wanaokutana benki siku za pensheni, waulize wanaohudhuria Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, uliza kanisani. Mtu aliyelala naye handaki moja atakwambia kitu ambacho mzee mwenyewe hakusema kwa sababu ya unyenyekevu, mfano alimbeba nani, alikataa nini. Ila chukua tahadhari, habari ya mtu mmoja usiiweke kama ukweli mpaka upate ya pili inayofanana nayo. Wakikutana wawili wanaokumbuka tofauti andika zote mbili kwenye daftari, usiwagombanishe wazee.

Ukienda kwao nenda na kitu mkononi, sukari au majani ya chai, na utangulize simu. Wapo watakaokuita "mtoto wa afande" na kukushika mkono muda mrefu, usiwe na haraka ya kuanza maswali.

6. Nyoosha miaka

Hapa ndo makosa mengi yanapotokea. Wazee wanakumbuka matukio kuliko tarehe, kwa hiyo mpe matukio. Muulize hilo lilikuwa kabla au baada ya:

Uhuru, Desemba 9, 1961. Maasi ya jeshi, Januari 1964. Muungano, Aprili 26, 1964. Azimio la Arusha, Februari 1967. Wachina wanajenga reli ya TAZARA, 1970 mpaka 1975. Watu kuhamishiwa vijijini, katikati ya miaka ya 1970. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita ya Kagera, Novemba 2, 1978. Kampala kuanguka, Aprili 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 12, 1984. Mwalimu kung'atuka urais, 1985. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 14, 1999.

Alafu angalia mitego hii:

JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilizaliwa Septemba 1, 1964. Mzee aliyeingia jeshini 1962 hakuingia JWTZ, aliingia Tanganyika Rifles, na aliyeingia 1958 aliingia Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza (King's African Rifles). Ukisoma "alijiunga na JWTZ mwaka 1960" mbele ya maafisa wataangaliana. Andika "alijiunga na jeshi mwaka 1960, na JWTZ ilipoundwa 1964 akaendelea nayo", kama kweli aliendelea, maana baada ya maasi wengi waliondolewa.

JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ni kitu kingine, ilianza Julai 1963. Kijana aliyepita Mafinga au Itende kwa mafunzo hajawa mwanajeshi wa JWTZ hapo. Tenganisha mwaka wa JKT na mwaka wa kuajiriwa jeshini.

Vita iliisha Juni 1979 ila wapo askari wetu waliobaki Uganda mpaka 1981. Kwa hiyo mama akisema "alirudi mtoto anakimbia" usimsahihishe.

Mikoa imebadilika. Mzee aliyezaliwa Makete au Ludewa karatasi zake zinasema Mkoa wa Iringa, sasa ni Njombe tangu 2012. Wa Mbozi au Ileje alikuwa Mbeya, sasa ni Songwe tangu 2016. Andika kijiji na wilaya, alafu "sasa Mkoa wa Njombe". Na kijiji chenyewe kinaweza kuwa kilihamishwa, ulizia jina la zamani la mahali, wazee wa pale wanalijua na watafurahi kulisikia.

Lugalo ziko mbili. Kuna kambi ya Dar, ambayo zamani iliitwa Colito, na kuna Lugalo yenyewe hapa Iringa, pale jeshi la Mkwawa lilipowapiga Wajerumani Agosti 1891, na kambi ya Dar imechukua jina hapo. Mzee wa Kihehe akisema "nilikuwa Lugalo" muulize ipi.

Vyeo navyo. Kwa maafisa ngazi ni Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Luteni Kanali sio Luteni, ukifupisha umemshusha ngazi tatu. Kama alianza askari wa kawaida akapanda mpaka afisa hiyo ni habari kubwa, isipite kwa sentensi moja. Na cheo cha kustaafu kinabaki chake, andika "Meja (mstaafu)".

7. Andika, na uandike mbili

Ndefu ni ya familia, iwe na urefu wowote, kurasa arobaini sawa tu. Fupi ni ya kusomwa msibani au kwenye sherehe ya kumshukuru. Dakika tano za kusoma ni kama maneno 500 mpaka 600, na usizidishe hapo, watu wamesimama kwenye upepo, spika inakwaruza, mama amechoka.

Anza na ndefu. Ukianza na fupi hutoandika ndefu kamwe.

Kwenye fupi mpangilio ni rahisi: kuzaliwa na wazazi, shule, kuingia jeshini, ndoa na watoto, kazi kubwa alizofanya, kustaafu, maisha ya nyumbani baada ya hapo, ugonjwa kwa sentensi moja au mbili tu, waliobaki. Ndoa iweke katikati ya jeshi, mahali pake kwa mwaka, usiihamishie mwisho.

Maisha baada ya kustaafu msiyarushe. Mzee amerudi kijijini miaka ishirini na zaidi, kapanda parachichi, kafuga ng'ombe wa maziwa, amekuwa mzee wa kanisa, amesimamia ujenzi wa darasa, vijana wa kijiji wanamjua kwa hayo na sio kwa Kampala. Nusu ya watu watakaosimama pale wanamjua hivyo tu.

Na maneno ya sifa yapunguze. Hii haisemi kitu:

"Marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda watu na mwenye ushirikiano."

Kila marehemu ameandikiwa hivyo. Weka alichofanya:

"Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafagia uwanja. Mtoto aliyechelewa kuamka alikuta chai yake imefunikwa na sahani na baba amekaa pembeni anamsubiri, bila neno. Jumamosi jioni viatu vya nyumba nzima vilipangwa kibarazani akavipiga kiwi mwenyewe, vya mama vya kwanza."

Hapo hujasema nidhamu wala upendo, na kila aliyewahi kuishi nyumba ile atainua kichwa.

8. Hakikisha, kisha isomwe

Msomee mama kwa sauti kabla ya mtu mwingine yeyote. Sio umpe asome, msomee. Akikunja uso mahali simama hapo. Akisema "hilo liache", liache, hata kama ni zuri.

Kama ni msiba toa taarifa mapema kambi ya karibu na nyumbani, peleka kopi ya barua ya kustaafu na kitambulisho, wao ndo watasema jeshi linashiriki vipi. Usitangaze kwenye ratiba kwamba kutakuwa na gwaride na risasi kabla hawajakujibu. Mara nyingi jeshi lina maelezo yake ya utumishi ambayo litasoma lenyewe, kwa hiyo kaa na mwakilishi wao mlinganishe miaka na vyeo, isije familia ikasema Kanali na jeshi likasema Luteni Kanali dakika tatu baadae. Kama karatasi rasmi inasema tofauti na familia, fuata karatasi.

Chapa kwa herufi kubwa, karatasi upande mmoja, namba za kurasa. Msomaji awe mtu anayeweza kumaliza, mjukuu mkubwa mara nyingi anaweza kuliko mtoto. Awepo wa akiba pembeni na kopi yake.

9. Hifadhi

Rekodi na picha ziwe sehemu tatu: kwenye simu ya mtu, kwenye flashi, na mtandaoni kwenye akaunti ambayo angalau watu wawili wanajua nywila yake. Flashi ikae nyumba tofauti na tranka. Picha orijino kwenye bahasha za kaki, mahali pakavu pasipo moshi wa jikoni, Rungwe ukungu unakula picha ndani ya msimu mmoja. Unayorusha kwa watu iwe haina namba ya jeshi, namba ya NIDA wala akaunti ya benki, matapeli wa pensheni wanasoma hayo matangazo ya misiba kuliko ndugu.

UKIKWAMA

Mzee hataki kuongea kabisa. Usimbane. Mpelekee picha moja tu, muombe akwambie majina ya waliomo. Basi. Kesho nyingine. Au tafuta mwenzake wa jeshi aje kumsalimia, kaa pembeni uwahudumie chai, na uombe ruhusa ya kurekodi kabla hawajaanza. Wakiwa wawili hawaongei na wewe, wanaongea wenyewe.

Kumbukumbu zimeanza kupotea, anachanganya miaka na watu. Usimsahihishe wala kumwambia "hapana baba, hiyo sio". Rekodi anavyosema, miaka utainyoosha mwenyewe hatua ya 6. Asubuhi akili inakuwa na nafuu. Nyimbo za mchakamchaka zinasaidia sana, anza kuimba moja unayoijua, mara nyingi mtu ambaye hakumbuki jana anaumaliza wimbo wote na jina la aliyekuwa anauongoza.

Anateleza kwenda Kinyakyusa, Kihehe au Kibena. Muache aende. Usimrudishe kwenye Kiswahili, ya utotoni yanakuja kwa lugha ya utotoni. Tafsiri baadae na mtu mzima wa pale, na sauti ya orijino itunzwe.

Ndugu wanagombana kuhusu mke mkubwa na mdogo. Historia isiamue ugomvi. Andika "alifunga ndoa na mama yetu fulani mwaka fulani, wakajaliwa watoto hawa, na mwaka fulani akafunga ndoa na mama yetu fulani, wakajaliwa hawa". Mwaka na jina, hakuna neno la ziada. Mambo ya mirathi yana mahali pake na sio kwenye karatasi hii.

Mzee kafariki, tranka limeungua au limeibiwa, hakuna karatasi. Rudi hatua ya 4, mstari wa watoto, na nenda kanisani. Kumbuka pia pensheni ilikuwa inapita benki, kwa hiyo makaratasi ya mirathi yatakapofunguliwa huenda familia ikapata baadhi ya kumbukumbu za utumishi. Mpaka hapo andika "miaka ya mwanzo ya 1970" badala ya kubuni 1972.

Muda hakuna kabisa, mazishi ni kesho. Acha yote. Kaa na mama nusu saa na wenzake wawili wa jeshi nusu saa, pata vitu hivi: alizaliwa wapi, aliingia jeshini lini kwa makadirio, cheo cha mwisho, ndoa, watoto wote kwa majina, na tukio moja la nyumbani. Andika ukurasa mmoja, msomee mama, chapa. Ndefu mtaiandika baada ya arobaini, na siku ya tanga watu wakiwa bado wamejaa pitisha kaunta buku kila mtu aandike tukio moja na namba yake ya simu, maana wengi wao hutowaona tena kwa pamoja.